Maelezo Yasiyo na Msemaji: Uhakiki wa Maandishi Yatolewayo na Mashine Kutoka katika Programu za Java

Ipo aina moja ya maandishi ambayo huongezeka kila siku, na ambayo ni nadra kutazamwa na wahakiki wa lugha. Sababu yake si ngumu kuiona: maandishi hayo hayakutungwa na mtu, wala msomaji wake wa kwanza si mtu. Ni maelezo ya huduma za wavuti, yaani maelezo yanayoiarifu programu moja ya kompyuta namna ya kuiuliza programu nyingine habari kwa njia ya intaneti: anwani ipi iulizwe, maneno gani yatumike katika kuuliza, na jibu litakuja katika umbo gani. Zamani maelezo ya namna hii yaliandikwa na mtu aliyeijua programu. Siku hizi aghalabu mashine huichambua programu yenyewe, hasa ile iliyoandikwa kwa lugha ya Java, na kuyatoa maelezo hayo pasipo mtu kushika kalamu.

Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao. Lakini maelezo ni maelezo, na palipo na maelezo mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na ni kitu gani kilichoachwa bila kusemwa? Swali hilo lina uzito wa pekee katika Tanzania, kwa kuwa hesabu za wagonjwa wa nchi hii hupita katika huduma za namna hiyo. Mgonjwa wa upande wa Kolo, wilayani Kondoa, hueleza maradhi yake kwa Kirangi au kwa Kiswahili. Mhudumu humwandika katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, na jumla hiyo huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2, ambao umeandikwa kwa Java, na ambao majina yake ya ndani ni ya Kiingereza. Basi hesabu ya mtu mmoja huvuka lugha tatu au nne, na ile ya mwisho ni lugha ambayo hakuna mtu aizungumzaye.

Yafaa kwanza kueleza kwa ufupi asili ya maandishi haya. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya udaktari aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alieleza utaratibu alioupa jina la REST. Kwa utaratibu huo kila kitu kina anwani yake, na vitenzi vitumikavyo kwa vitu vyote ni vichache sana: kuleta, kuongeza, kubadili, kufuta. Mtu wa sarufi ataitambua hapo lugha yenye nomino nyingi mno na vitenzi vya kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2008 watu wa Java walipata kanuni iitwayo JAX-RS, ambayo ilimwezesha fundi kubandika juu ya kila kitendo cha programu alama ndogo zianzazo kwa @, akaonyesha kwamba kitendo hiki hujibu anwani fulani kwa kitenzi fulani. Alama hizo zaweza kuitwa vibandiko. Mwaka 2009 kampuni ya Sun Microsystems ilipeleka mbele ya W3C muundo wa maelezo uitwao WADL, ambao ungeweza kutolewa na mashine kutokana na vibandiko hivyo. Lakini muundo huo haukupata kuwa kanuni.

Uliopata kushika ni mwingine, nao asili yake haina budi kuwavutia wanakamusi. Muundo wa Swagger ulianzishwa na Tony Tam alipokuwa akifanya kazi Wordnik, kamusi ya Kiingereza iliyo katika intaneti, na ukatolewa kwa watu wote mwaka 2011. Mwaka 2015 ulikabidhiwa kwa umoja ulio chini ya Linux Foundation, na tangu mwaka 2016 unajulikana kwa jina la OpenAPI. Kwa hiyo muundo ambao sasa umeenea kuliko yote katika kueleza huduma za REST ulizaliwa katika nyumba ya kamusi. Ni haki, basi, kuupima kwa mizani ya kamusi.

Kwa mizani hiyo una sifa zake, na sifa ya kwanza ni uaminifu. Maelezo yaliyoandikwa kwa mkono huanza kusema uongo siku ile programu inapobadilishwa na mwandishi akasahau kuyabadilisha. Maelezo yatokayo katika programu yenyewe hayana ugonjwa huo. Anwani ikibadilika katika Java, nayo hubadilika. Sehemu mpya ikiongezwa katika jibu, nayo huonekana siku hiyo hiyo. Sifa ya pili ni ukamilifu: mashine haichoki, wala haibagui kitendo kinachotumika sana na kile kilichofichika pembeni. Sifa ya tatu ni kwamba programu nyingine zaweza kuyasoma na kujitengenezea vyombo vya kuulizia bila fundi kurudia kazi ile ile. Mtu aliyewahi kusahihisha kamusi yenye vitomeo elfu kadhaa hawezi kuzidharau sifa hizi.

Lakini mtu huyo huyo akiendelea kusoma ataona upungufu. Katika kamusi kila kitomeo kina mambo matatu kwa uchache: umbo la neno, aina yake, na maana yake. Maelezo yatolewayo na mashine kutoka katika Java hutoa mambo mawili ya kwanza kwa usahihi mkubwa, na la tatu huliacha tupu. Ni kamusi ya vitomeo na ngeli, isiyo na fasili.

Wala upungufu huu si wa bahati mbaya. Unatokana na namna mashine inavyosoma. Programu ya Java huandikwa kwanza na mtu, kisha hupitishwa katika kompaila ili igeuzwe kuwa amri ambazo kompyuta yaweza kuzitekeleza. Fundi mwema huandika juu ya kila kitendo maelezo ya kawaida kwa ajili ya mafundi wenzake: kitendo hiki chafanya nini, kigezo hiki chamaanisha nini, na hatari yake ni ipi. Kompaila huyatupa maelezo hayo yote, kwa kuwa hayana kazi katika utekelezaji. Nayo mashine itoayo maelezo ya OpenAPI mara nyingi huisoma programu baada ya kompaila kumaliza kazi yake. Hivyo sehemu pekee ambamo mtu alisema na mtu mwenzake ndiyo iliyokwisha kutupwa.

Kuna mambo madogo zaidi yanayoonyesha tabia hiyo hiyo. Majina ya vigezo yenyewe hayahifadhiwi na kompaila isipoagizwa hivyo, jambo lililowezekana tangu toleo la 8 la Java, mwaka 2014. Pasipo agizo hilo, na bila jina kuandikwa katika kibandiko, msomaji aweza kukuta vigezo vinavyoitwa arg0 na arg1, mfano wa watoto waliopewa namba kabla ya kupewa majina. Katika JAX-RS kitendo chaweza kutangazwa kuwa hurudisha Response tu, yaani jibu, na hapo mashine haina la kusema ila kwamba jibu ni jibu. Makosa ambayo huduma yaweza kuyarudisha hayaonekani yasipobandikwa alama zake. Na vitendo viwili vikiwa na jina moja, mashine hulitofautisha la pili kwa kulitia mkia wa _1, ingawa huenda kimoja huleta habari za mtu mmoja na kingine huleta habari za wilaya nzima. Mwanakamusi huzipa namba homonimu, lakini baada ya namba huandika maana. Hapa hubaki namba peke yake.

Mfano wa DHIS2 waonyesha jambo hili kwa uzito zaidi, kwa sababu si mfano wa kazi iliyofanywa ovyo. Mfumo huu unatengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake ni kazi ya taarifa za afya iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kenya iliueneza nchini kote mwaka 2011, na Tanzania nayo ikautumia katika wilaya zake, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki katika kazi hiyo. Mafundi wake hawakutosheka na vibandiko vya kawaida. Walijitengenezea vya kwao, ili maelezo ya OpenAPI yatolewayo kutoka katika programu yawe kamili zaidi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwalaumu kwa uvivu. Swali ni hili: maelezo hayo, hata yakiwa bora kabisa, yanasema nini juu ya hesabu iliyotoka Kolo?

Yanasema kwamba ipo anwani ya kupelekea thamani moja, na kwamba vigezo vyake ni pamoja na de, pe, ou na value. Vitatu vya kwanza ni vifupisho: kitu kinachohesabiwa, kipindi, na mahali. Kitu kinachohesabiwa na mahali pake hutajwa kwa alama za herufi na tarakimu 11 zisizotamkika. Kipindi ni tarakimu 6 za mwaka na mwezi. Na hesabu yenyewe, yaani value, imetangazwa kuwa mfuatano wa herufi tu, kwa kuwa mlango ule ule hupitisha namba, tarehe, na neno la ndiyo au siyo. Kwa umbo, hakuna kosa hata moja. Kwa maana, mtu aliyesoma maelezo hayo toka mwanzo hadi mwisho hajui kama kilichohesabiwa ni watu, ni safari za watu, au ni chupa za dawa.

Sasa na itazamwe karatasi ilikotoka hesabu hiyo. Katika taarifa za wagonjwa wa nje, MTUHA hutenganisha waliohudhuria kwa mara ya kwanza katika mwaka, mahudhurio ya marudio, na mahudhurio yote. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa tofauti iliyopo, kwa maana imekwisha kutiwa ndani ya maneno yenyewe. Waliohudhuria ni watu. Kiambishi wa- kinawataja na kiambishi -o- kinawarejelea. Mahudhurio ni matendo, na matendo yaweza kufanywa mara nyingi na mtu mmoja. Mama aliyekuja zahanati mara 4 katika mwaka ni mtu 1 katika safu moja na mahudhurio 4 katika safu nyingine. Kwa Kiingereza, neno moja litumikalo mara nyingi katika taarifa za namna hii laweza kumaanisha tendo la kuhudhuria au hesabu ya watu waliokuwapo, na msomaji huachiwa kukisia. Kwa hiyo ngeli za Kiswahili zimefanya kazi ambayo mafundi wa Java huiita kazi ya aina, yaani kuzuia vitu viwili visivyo sawa visichanganywe. Mhudumu ameitunza tofauti hiyo kwa kalamu yake. Inapofika katika maelezo ya mashine, zote mbili ni value, na value ni herufi.

Madhara yake si ya kinadharia. Fundi aliye mbali, asiyewahi kuona kitabu cha MTUHA, aweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ni watu wangapi katika kila wilaya waliotibiwa, akachukua mahudhurio yote badala ya waliohudhuria. Programu yake itakubaliwa na mashine, kwa kuwa umbo ni sahihi. Wilaya ambayo watu wake hurudi zahanati mara kwa mara itaonekana kuwa na wagonjwa wengi kuliko iliyo nao, na ile ambayo watu wake hushindwa kurudi kwa umbali wa njia itaonekana kuwa na afya njema. Dawa hupelekwa kwa hesabu. Palipo na hesabu mbovu, mtu wa kijijini ndiye alipaye deni lake.

Watetezi wa utaratibu huu wana jibu, nalo lastahili kusikilizwa. Watasema kwamba maana haikupotea, bali imewekwa mahali pengine: katika DHIS2 kila kitu kinachohesabiwa kina rekodi yake, yenye jina na nafasi ya ufafanuzi, na jina hilo laweza kutafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Watasema tena kwamba maelezo ya huduma yamekusudiwa kueleza mlango na si mzigo upitao mlangoni. Hoja hii ni ya kweli. Hata hivyo haimalizi jambo. Kwanza, nafasi ya ufafanuzi yaweza kuachwa tupu, na hakuna mashine itakayoijaza. Pili, maelezo ya OpenAPI yana sifa ya kuonekana yametimia: yana mpangilio, yana majedwali, na kila kigezo kina aina yake. Ukamilifu wa umbo humfanya msomaji adhani kwamba hakuna zaidi la kujua. Kamusi yenye kurasa zilizochanika hujulikana kwa macho. Kamusi ambayo fasili zake hazikuandikwa kamwe, lakini vitomeo vyake vimepangwa vizuri, yaweza kukaa rafuni miaka mingi kabla ya mtu kugundua kilichokosekana.

Kolo yenyewe ina mfano wa kale wa jambo hili. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro ya miambani ya sehemu za Kondoa, akipitisha mstari juu ya mstari kwa uangalifu, na kazi hiyo ikatoka katika kitabu mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Nakala zake zina thamani kubwa, kwa sababu rangi za miambani hufifia, nazo nakala hubaki. Lakini mchoro mmoja maarufu wa Kolo waonyesha kundi la watu, na mmoja aliye katikati ameshikwa kutoka pande mbili. Leakey aliona huenda ni mtu anayetekwa na wenzake kumtetea. Wataalamu waliofuata, walioulinganisha na sanaa ya Wasan wa kusini mwa Afrika, waliona huenda ni ngoma ya uganga, na aliyeshikwa anasaidiwa. Mstari ni ule ule. Nakala haiwezi kuamua kati ya vita na uganga, hata ingenakiliwa kwa usahihi gani, kwa maana aliyejua hakuacha neno.

Tofauti ya michoro hiyo na hesabu za MTUHA ni kwamba wenye kujua maana ya hesabu wangali hai. Mhudumu aliyeiandika safu anaweza kuulizwa leo. Hakuna udhuru wa kuwaachia watakaokuja baadaye fumbo ambalo jibu lake liko katika zahanati ya jirani.

Basi dawa ni ipi? Wako wasemao kwamba maelezo yaandikwe kwanza na watu, kisha programu ifuatishwe kwayo. Njia hii humlazimisha mtu kufikiri maana kabla ya umbo, nayo ni nzuri pale ambapo waandishi wa pande mbili wako tayari kukaa pamoja. Kasoro yake ni ile iliyotajwa hapo mwanzo: programu hubadilika, na maandishi hubaki nyuma. Njia ya kutoa maelezo kutoka katika Java haifai kutupwa, maana katika mambo ya umbo ni shahidi mwaminifu kuliko mtu. Kinachotakiwa ni kuijaza safu ya tatu ya kamusi, na nafasi ya kuijaza ipo. Vibandiko vya OpenAPI katika Java vina sehemu iitwayo description, na kinachoandikwa humo hakitupwi na kompaila. Hupita mpaka katika maelezo ya mwisho kama kilivyoandikwa. Nayo Java hupokea maandishi ya lugha yoyote. Hakuna sheria isemayo kwamba sehemu hiyo iandikwe kwa Kiingereza tu, au iachwe wazi.

Mfano mmoja watosha. Pahali palipoandikwa value bila neno, au katika rekodi ya kitu kinachohesabiwa, na paandikwe: “Idadi ya mahudhurio katika mwezi, si idadi ya watu. Mtu aliyekuja mara 3 huhesabiwa mara 3. Kwa idadi ya watu, tazama waliohudhuria kwa mara ya kwanza katika mwaka.” Ni sentensi tatu. Fundi peke yake hawezi kuziandika, kwa kuwa hajui desturi ya zahanati. Mhudumu peke yake hana njia ya kuzifikisha ndani ya programu. Na mwanalugha peke yake atapamba maneno bila kujua kinachohesabiwa. Lakini watatu hao wakikaa pamoja kwa siku chache, kazi itafanyika.

Onyo moja lahitajika. Wako mafundi ambao huiagiza mashine ikatae programu yoyote yenye sehemu ya ufafanuzi iliyo tupu. Ni hatua njema, lakini mashine yaweza kuona kwamba maneno yapo. Haiwezi kuona kwamba yana maana. Fundi mwenye haraka ataandika kwamba value ni “thamani”, na kipindi ni “kipindi”, na mashine itampitisha. Wanakamusi wanaijua sana aibu hiyo ya fasili inayozunguka na kurudi ilikotoka. Hapo ndipo mhakiki wa lugha anapokuwa na kazi: kusoma maelezo haya kama asomavyo kamusi, kitomeo kwa kitomeo, akiuliza kila mara kama mtu asiyejua atajua baada ya kusoma.

Java imetoa umbo, na imelitoa vizuri. Fasili bado inangoja waandishi wake, nao wako Oslo, wako Dar es Salaam, na wako Kolo wakijaza kitabu cha mwezi huu.